Jina Lisilo na Mwenyewe: Tunasema Nini Tunaposema Kitu Hakipo?

Mwezi Septemba mwaka 1846 mwanahisabati Mfaransa, Urbain Le Verrier, aliandika barua kwenda Berlin. Sayari ya Uranus ilikuwa haiendi vile hesabu za Newton zilivyotaka iende, naye alikuwa amekokotoa kwamba ipo sayari nyingine, isiyojulikana bado, inayoivuta kutoka mbali. Barua ilimfikia mwanafalaki Johann Galle tarehe 23, na usiku uleule Galle na msaidizi wake wakaelekeza darubini pale walipoambiwa. Sayari waliikuta, chini ya nyuzi moja kutoka mahali alipopataja Le Verrier. Ndiyo tunayoiita Neptune.

Miaka 13 baadaye Le Verrier alikabiliwa na tatizo la aina ileile, safari hii kwa sayari ya Zebaki. Njia ya Zebaki kulizunguka Jua hujigeuza kidogo kidogo, na hata ukishahesabu mvuto wa sayari zote zinazojulikana, ilibaki ziada ya sekunde 38 za tao kwa kila karne (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi) ambayo hakuna aliyeweza kuieleza. Akasema kama alivyosema mara ya kwanza: kuna kitu kinachoivuta, kati ya Zebaki na Jua, kama si sayari moja basi ni kundi la vijisayari. Daktari mmoja wa kijijini, Edmond Lescarbault, akamwandikia kwamba mwezi Machi mwaka huo wa 1859 alikuwa ameona kwa darubini yake kidoa cheusi kikikatiza uso wa Jua. Le Verrier akamfuata kijijini, akamhoji, akaridhika. Mapema mwaka 1860 sayari mpya ilikuwa imeshatangazwa na imeshapewa jina: Vulcan.

Iliwindwa kwa zaidi ya nusu karne. Jua lilipopatwa mwaka 1878, wanafalaki wawili wa Marekani walidai wameiona. Le Verrier alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, akiwa bado anaiamini. Kisha Novemba 1915 Albert Einstein akaonyesha kwamba nadharia yake mpya ya mvutano inaieleza ile ziada yote, ambayo wakati huo ilikuwa imepimwa upya na kufikia sekunde 43, pasipo sayari yoyote ya ziada. Vulcan haikuwepo, wala haikuwahi kuwepo.

Sijui kisa kingine kinacholiweka wazi namna hii swali la zamani la falsafa ya lugha. Mtu ni yuleyule, mbinu ni ileile, na kitendo cha kutoa jina kinafanana mara zote mbili. Jina moja lilikuwa na mwenyewe na jingine halikuwa naye. Na bado sentensi tunazotunga kwa majina yote mawili tunazielewa sawasawa, tunabishana kwazo, tunazikubali au tunazikataa.

Chukua sentensi "Vulcan haipo". Ni ya kweli, tena ni ugunduzi mkubwa wa kisayansi. Lakini inakuwaje ya kweli? Ukisema "Neptune ina baridi", jina linatupeleka kwenye kitu, halafu kiarifu kinasema jambo juu ya kitu hicho; tukikiangalia tukakuta ni hivyo, umesema kweli. Ukisema "Vulcan haipo", inaelekea jina linatakiwa litupeleke kwenye kitu kwanza, ndipo tuseme kwamba kitu hicho hakipo. Kama limetupeleka, basi kipo, na umesema uongo. Kama halikutupeleka popote, basi hujasema neno juu ya chochote. Katika hali zote mbili ukweli unatuponyoka, na sisi sote tunajua kwamba sentensi ni ya kweli. Parmenides, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikwisha kudai kwamba kisichokuwepo hakisemeki wala hakifikiriki, na Plato akahangaika naye katika mazungumzo ya *Sophist* bila kulimaliza jambo. Kazi kubwa zaidi imefanyika tangu mwishoni mwa karne ya 19, na ninaamini imetufikisha mahali pazuri, ingawa si pale ambapo wengi wanapataja.

Gottlob Frege, aliyefundisha Jena, aliandika mwaka 1892 kwamba jina lina mambo mawili: kitu linachokitaja, na namna linavyokileta kitu hicho mbele ya akili. Nyota ya asubuhi na nyota ya jioni ni Zuhura ileile, lakini iliwachukua watu muda mrefu kulijua hilo, kwa hiyo majina hayo mawili hayana maana moja. Jina lisilo na mwenyewe, kwa Frege, lina namna ya kuleta lakini halileti kitu. Mfano wake ni Odysseus, shujaa wa tenzi za Homer, aliyeshushwa pwani ya Ithaca akiwa usingizini: sentensi tunaielewa, ila si ya kweli wala si ya uongo. Hili linaeleza kwa nini hatuchanganyikiwi tunaposikia habari za Vulcan. Halielezi kwa nini "Vulcan haipo" ni ya kweli kabisa, maana kwa hesabu hiyo nayo ingepaswa kuning'inia kati ya kweli na uongo.

Alexius Meinong, wa Chuo Kikuu cha Graz, alikwenda njia nyingine, na nadhani ameonewa sana katika vitabu vya utangulizi. Husemwa kwamba aliamini milima ya dhahabu iko mahali fulani, katika aina ya kuwepo iliyo hafifu kuliko yetu. Sivyo alivyosema. Katika andiko lake la mwaka 1904 alidai kwamba jinsi kitu kilivyo hakutegemei kama kipo. Mlima wa dhahabu ni wa dhahabu na ni mlima. Hilo ni jambo moja. Kwamba haupo ni jambo jingine, na halifuti la kwanza. Kuna vitu, alisema kwa kusudi la kushtua, ambavyo ni kweli kwamba vitu hivyo havipo. Kwa hiyo "Vulcan haipo" inaongelea kitu, yaani Vulcan, na inasema kweli juu yake.

Nguvu ya wazo hili ni kwamba linachukua maneno yetu kama yalivyo. Udhaifu wake ulionekana mara moja. Mraba wa duara ni mraba na ni duara, na hapo tumekwishajipinga wenyewe. Mlima wa dhahabu uliopo, kwa kanuni hiyohiyo, ni wa dhahabu, ni mlima, na upo. Basi upo, kumbe haupo. W. V. Quine aliongeza swali lake maarufu mwaka 1948: fikiria mwanamume mnene ambaye angeweza kuwa amesimama mlangoni, na mwingine mwenye upara ambaye angeweza kuwa amesimama hapohapo. Je, ni mmoja au ni wawili? Utajuaje? Wafuasi wa Meinong wa baadaye, kama Terence Parsons mwaka 1980 na Graham Priest mwaka 2005, wamejenga mifumo makini inayokwepa mikinzano hiyo, na siwadharau. Lakini swali la Quine bado linauma likielekezwa kwa Vulcan. Le Verrier mwenyewe hakuwa na uhakika kama ni sayari moja au kundi. Kama Vulcan ni kitu chenye sifa zake hata kabla hatujauliza kama kipo, basi ni vingapi? Sioni kwamba swali hilo lina jibu, na sioni kwamba kukosa jibu ni upungufu wa elimu yetu.

Bertrand Russell alivutiwa na Meinong kwanza, kisha akamkimbia. Makala yake ya mwaka 1905 ndiyo iliyobadilisha uwanja mzima, na inastahili kusomwa polepole. Mfano wake ni mfalme wa sasa wa Ufaransa. Mwaka ule Ufaransa ilikuwa jamhuri kwa miaka 35, na mfalme wake wa mwisho, Louis-Philippe, alikuwa ameachia kiti mwaka 1848. Sasa mtu anasema: "Mfalme wa sasa wa Ufaransa ana upara." Ukiorodhesha wenye upara wote hutamkuta. Ukiorodhesha wasio na upara wote, hutamkuta huko pia. Je, kanuni ya mantiki kwamba kila dai ni kweli au kinyume chake ni kweli imevunjika?

Russell anajibu kwamba tumedanganywa na umbo la sentensi. Maneno "mfalme wa sasa wa Ufaransa" yanaonekana kama jina lakini hayafanyi kazi ya jina. Sentensi yote, ikifunguliwa, inasema mambo matatu kwa pamoja: yupo mtu anayeitawala Ufaransa kama mfalme, hayupo mwingine zaidi yake, na mtu huyo ana upara. Jambo la kwanza ni la uongo, basi sentensi nzima ni ya uongo. Kinyume chake nacho kina njia mbili za kusomwa. "Yupo mfalme mmoja wa Ufaransa na hana upara": uongo. "Si kweli kwamba yupo mfalme mmoja wa Ufaransa mwenye upara": kweli tupu. Ukanushi ukikaa ndani, unamkubali mfalme na kumnyima upara. Ukikaa nje, unakanusha habari yote pamoja na mfalme wake. Kanuni ya mantiki imesalimika, na hakuna kitu kisichokuwepo kilichohitajika.

Wakili yeyote hodari analijua jambo hili kwa vitendo. Mteja wake akiulizwa mahakamani kama fedha alizoiba alizirudisha, "hapana" moja inaweza kumfunga, kwa sababu inaweza kusikika kwamba wizi umekubaliwa na urudishaji ndio umekanwa. Atasimama akatae swali lenyewe. Ukanushi wa Russell wa nje ndio huo.

P. F. Strawson alimpinga mwaka 1950 kwa hoja iliyotoka hapohapo. Mtu akikuambia kwamba mfalme wa Ufaransa ana upara, alisema Strawson, humjibu "uongo". Unamwambia hakuna mfalme Ufaransa, na swali la kweli au uongo haliinuki. Kuwepo kwa mfalme hakudaiwi na sentensi, kunachukuliwa kuwa kumekwishakubaliwa. Kuna ukweli mwingi katika uangalizi huo, na wanaisimu wameujengea elimu pana. Lakini Strawson mwenyewe alikuja kukiri, mwaka 1964, kwamba mtu akisema maonyesho fulani yametembelewa jana na mfalme wa Ufaransa, tunahisi amesema uongo moja kwa moja, kwa kuwa mazungumzo ni ya maonyesho na hatukumkuta mgeni huyo. Kwangu hilo linatosha kuonyesha kwamba hisia zetu za "uongo" na "haliinuki" zinafuata mada ya mazungumzo, na haziwezi kuwa msingi wa kuamua maana ya sentensi.

Hadi hapa niko upande wa Russell. Ninapoachana naye ni pale alipoyachukua majina halisi nayo akasema ni maelezo yaliyofupishwa. Kwa mujibu wake, Vulcan ni kifupi cha "sayari iliyo kati ya Zebaki na Jua inayosababisha ziada ya sekunde 38", na "Vulcan haipo" maana yake hakuna sayari ya namna hiyo. Ni safi, ni fupi, na nadhani si sahihi.

Saul Kripke alilivunja wazo hilo katika mihadhara yake ya Princeton mwezi Januari 1970. Hoja yake inatuhusu watu wa pwani kwa karibu, maana tunaye Fumo Liyongo. Karibu kila tunalosimulia juu yake lina umbo la hadithi: urefu wake, siwa alilopuliza hadi likapasuka, sindano ya shaba aliyochomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe, kifo akiwa amepiga goti na upinde mkononi mpaka watu wakaogopa kusogea kisimani. Wataalamu wametofautiana sana juu ya zama zake. Sasa tuseme yote hayo ni chumvi za watambaji. Je, imefuata kwamba Liyongo hakuwepo? Hata kidogo. Inawezekana kabisa kwamba alikuwepo mtu, malenga na mpiganaji wa upande wa Ozi karibu na mdomo wa Mto Tana, akaitwa jina hilo, na jina likapokezwa kinywa kwa kinywa huku habari zake zikivimba. Kinyume chake nacho kinawezekana: kwamba leo yupo mtu ambaye kwa sadfa habari hizi zote zinamfaa, na bado si Liyongo, kwa sababu jina letu halikutoka kwake. Kinachoamua kama Liyongo alikuwepo ni njia ambayo jina limesafiri hadi kutufikia. Maelezo yanayoambatana nalo hayaamui.

Ukilirudisha hilo kwa Vulcan, nadharia ya maelezo inaonekana dhaifu zaidi. Le Verrier aliijua Vulcan kama chanzo cha ziada ya Zebaki. Lescarbault aliijua kama kidoa alichokiona. Mtoto wa shule wa mwaka 1870 aliijua kama sayari iliyo karibu kabisa na Jua. Maelezo ni matatu tofauti. Lakini Einstein hakukanusha Vulcan tatu. Na kama kesho kikipatikana kijiwe kidogo kinacholizunguka Jua ndani ya njia ya Zebaki, hatutasema kwamba Einstein alikosea na Vulcan ilikuwepo siku zote. Tutakipa kijiwe hicho jina lake.

Basi tukishalitupa wazo kwamba jina ni maelezo yaliyofichwa, "Vulcan haipo" inasema nini? Jibu ninalolikubali lilitolewa na Keith Donnellan mwaka 1974, na sielewi kwa nini halitajwi mara nyingi zaidi. Kila jina tunalotumia tulilipokea kwa mtu, naye kwa mtu mwingine, kurudi nyuma hadi kitendo kilicholianzisha. Lifuate jina Neptune kurudi nyuma, kama mtu anayefuata kijito kuitafuta chemchemi, na mwisho wa safari utakuta sayari. Lifuate jina Vulcan, utapita kwenye magazeti, kwa Lescarbault, kwenye meza ya Le Verrier, na hapo utakuta karatasi za hesabu na dhana iliyoshindwa. Hakuna sayari iliyosimama mwanzoni mwa njia. Donnellan aliuita mwisho wa aina hiyo kizuizi. Sentensi ya "haipo" ni ya kweli pale njia ya jina inapoishia kwenye kizuizi. Hatuhitaji kukishika kitu ambacho hakipo ili tuseme hivyo.

Ninaliona wazo hili likifanya kazi nje kabisa ya madarasa ya falsafa. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania, chini ya Rais John Magufuli, ilifanya uhakiki wa watumishi wa umma, na majina zaidi ya 10,000 ya wafanyakazi hewa yakaondolewa kwenye malipo. Fikiria ofisa anayekagua orodha ya mishahara ya shule moja. Kila mstari una jina, cheki namba, kituo cha kazi na akaunti ya benki. Anafika kwenye jina ambalo hakuna anayeitika. Anaandika: mtumishi huyu hayupo.

Lakini sentensi hiyo moja inaweza kuwa imebeba mambo matatu yasiyofanana. Huenda ni mwalimu aliyefariki na hakuna aliyetoa taarifa ili jina lifutwe. Hapo jina lina mwenyewe, tunasema juu ya mtu halisi kwamba hayuko hai tena, kama tunavyosema Mwalimu Nyerere hayupo, na hakuna kitendawili chochote. Huenda ni mtu aliyeacha kazi na yu hai anaendesha duka mji mwingine. Hapo "hayupo" maana yake hayuko kazini. Au huenda jina lilitungwa na mtu mwenye kalamu na nafasi ya kulipenyeza, na hajapata kuzaliwa binadamu wa jina hilo katika kituo hicho. Katika hali ya tatu pekee ndipo tunapokutana na Parmenides. Na ona anachofanya mpelelezi. Haulizi kama mtumishi huyu ni kitu kisicho na uwepo bali chenye sifa ya kulipwa mshahara. Anauliza jina liliingiaje: nani alilijaza, kwa fomu ipi, nani aliidhinisha, fedha zilichukuliwa na nani. Anafuata njia ya jina kurudi nyuma hadi lilipozaliwa. Jinsi lilivyozaliwa ndiyo inayoamua kama atakuta uzembe, kutoelewana au kosa la jinai. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja nzima: kabla ya kuuliza kisichokuwepo ni kitu cha aina gani, uliza jina lake lilianzaje.

Swali hilo likitangulia, tutaona kwamba majina matupu si ya jamii moja. Vulcan lilizaliwa kwa kukosea. Mfanyakazi hewa wa aina ya tatu alizaliwa kwa udanganyifu. Kuna yanayozaliwa kwa kubuni waziwazi, pasipo kosa wala hila, na hapa msomaji wa Kiswahili atamkumbuka Bwana Msa, yule mpelelezi wa Unguja aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla, ambaye wasomaji walianza kumfuata kitabuni tangu mwaka 1960.

Sema "Bwana Msa huvuta kiko". Mwanafunzi akiandika hivyo kwenye mtihani anapata alama. Akiandika kwamba havuti, anakosa. Sema sasa "Bwana Msa alibuniwa na Muhammed Said Abdulla". Hiyo nayo ni kweli, lakini kwa namna nyingine kabisa, maana ndani ya hadithi Bwana Msa hakubuniwa na yeyote. Alizaliwa na mama yake kama watu wengine, na rafiki yake Najum angekushangaa ukimwambia vinginevyo. Sentensi ya kwanza tunaikubali kwa masharti: katika hadithi ndivyo ilivyo. David Lewis aliichambua vizuri njia hiyo mwaka 1978. Ya pili haikubali sharti hilo. Tunaisema nje ya hadithi, tukiwa na macho makavu, na tunamaanisha kila neno.

Kripke, katika mihadhara aliyoitoa Oxford mwaka 1973 na iliyochapishwa kitabu mwaka 2013 tu, alisema kwamba wahusika wa kubuni wapo kwelikweli. Hawapo kama watu. Wapo kama mataifa yalivyopo, au sheria, au vyama vya ushirika: vitu visivyoshikika vinavyotokana na kazi za binadamu. Peter van Inwagen alifika karibu na hapo kwa njia yake mwaka 1977, na Amie Thomasson akalikamilisha wazo mwaka 1999 kwa kuonyesha kwamba mhusika huanza pale mtunzi anapomtunga na hudumu maadamu nakala na wasomaji wapo. Wengi hushtuka wakisikia haya. Mimi naona ni maelezo ya kawaida ya mambo tunayoyajua. Mhakiki anaposema kwamba riwaya za upelelezi za Kiswahili zina wahusika ambao sura zao zinatokana na Bwana Msa, anasema jambo linaloweza kuchunguzwa na kupingwa kwa ushahidi, na anahesabu wahusika kama anavyohesabu riwaya. Hakuna aliyewahi kushtuka kwamba riwaya zipo.

Mtoto akiuliza kama Bwana Msa yupo kweli, na mzazi akajibu "hayupo", mzazi naye amesema kweli. Mtoto aliuliza juu ya mtu wa nyama na damu anayeweza kukutana naye Forodhani, na njia ya jina haiishii kwa mtu wa namna hiyo. Jibu la mzazi na kauli ya mhakiki havigongani.

Baada ya kufika hapa, mwanafalsafa Nathan Salmon alivutwa kwenda mbele zaidi. Mwaka 1998 alidai kwamba kama hadithi zinaumba wahusika, basi nadharia potofu nazo zinaumba vitu vya kidhana: Le Verrier, bila kujua, aliumba Vulcan, na kitu hicho kipo hadi leo, ila si sayari. Ninaheshimu ujasiri wa hoja hiyo na ninaikataa. Abdulla alikaa chini kumtunga mtu. Alijua anachofanya, na wasomaji walikipokea hivyo. Le Verrier alikuwa anatafuta. Kutafuta ni tendo linaloweza kushindwa, na hadhi yake yote imo katika uwezekano huo wa kushindwa. Ukisema kwamba aliyetafuta akakosa alikuwa kumbe anaumba, umemwondolea kosa lake na papo hapo umemwondolea ushujaa wake. Tena, mwaka 1846 alifanya tendo lilelile. Je, kabla Galle hajageuza darubini kulikuwa na Neptune mbili, moja ya gesi na barafu na nyingine ya dhana? Na ile ya dhana ilikwenda wapi sayari ilipoonekana? Salmon anaweza kusema dhana haikuumbwa mara ile kwa kuwa jina lilikuwa na mwenyewe. Basi kuumbwa kwa kitu hapa Duniani kungeamuliwa na kilichopo au kisichopo angani, mbali kuliko Uranus. Silimezi hilo.

Kuna mfano mmoja unaoisumbua hoja yangu, na ni haki niuweke hapa. Mwaka 1967 mwanafalsafa Peter Geach aliandika juu ya watu wawili: mmoja anaamini mchawi amemdhuru farasi wa mtu, mwingine anajiuliza kama mchawi yuleyule ameua nguruwe wa mtu mwingine, ilhali mchawi hayupo. "Yuleyule" ni nani? Sisi tunao mfano wa kweli. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, kiumbe anayesemekana kuwavamia watu usiku, ilienea Pemba na Unguja. Tuseme mama mmoja wa Wete anaamini Popobawa amemshambulia jirani yake, na kijana wa mjini Unguja analala nje na wenzake akihofu kwamba huyohuyo atafika kwake. Mimi siamini kwamba Popobawa yupo. Lakini sitaki kusema kwamba watu hawa wawili wanaogopa vitu viwili tofauti, na wala sitaki kusema kwamba wanaogopa kitu kimoja kisichokuwepo chenye pembe au mabawa yake kamili.

Jibu linalonijia ni kwamba umoja wa hofu yao umo kwenye njia ya jina. Hofu zote mbili zimepokelewa kutoka kwenye mkondo mmoja wa habari uliovuka maji kutoka kisiwa hadi kisiwa. Kama kijana wa Unguja angejitungia hofu yake peke yake, bila kusikia chochote kutoka Pemba, nisingesema wanamwogopa yuleyule, hata kama viumbe wawili wangelingana kwa kila sifa. Pale jibu hili linapolegea ni kwenye mwanzo wa mkondo. Kwa Vulcan tunaweza kunyoosha kidole kwenye meza ya Le Verrier. Kwa Bwana Msa tunamnyooshea mtunzi. Kwa Popobawa hakuna meza wala mtunzi. Kuna usiku mwingi, vinywa vingi, na labda minong'ono kadhaa iliyoanza mbalimbali ikaungana baadaye chini ya jina moja. Njia ya jina ikiwa na vyanzo vingi, na vyote ni vizuizi, bado naona "Popobawa hayupo" ni ya kweli bila matatizo. Swali la ni hofu ngapi zilizokuwepo usiku ule, moja au mia, linahitaji mtu aende akahoji nani alisikia nini kwa nani.